Makangaga ya Kando ya Mto



Ukishuka kutoka mashamba ya Mawengi hadi kijito ambacho bado kina miti, yatazame makangaga. Mengine yana shina, yamesimama kama mti. Mengine hutambaa juu ya mawe. Mengine hukaa mgongoni mwa mti mkubwa, wala hayaunyonyi. Hutaka kivuli tu na mahali pa kushika. Hayana ua wala mbegu. Pindua jani: vile vidoa vya kahawia ni vumbi la uzazi, nalo lisipoangukia penye unyevu halizai.

Sasa kata mti ule mmoja. Makangaga hukuyagusa, lakini jua litayaua. Choma moto, na kilimani litarudi kangaga la aina moja tu, lile gumu (ng'ombe akilila sana huugua).

Mt. Paulo aliwafundisha Wakorintho habari za viungo vinyonge vya mwili, kwamba havitupwi. Nami namfikiria mjane mwenye kinyungu bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ni sheria njema, maana maji ni yetu sote. Lakini alishuka bondeni kwa kuwa huku juu tulimaliza ardhi sisi. Tukimwondoa pale bila kumpa pa kulima, tumekata mti wake.

Wenye mashamba ya juu, ni nani atakayemgawia nusu ekari kabla ya mvua?