Uhuru wa Elsa, Kimya cha Nuru

Tunapojadili kama filamu za zamani za familia ziliwawakilisha watu wa kila aina, tunakimbilia kuhesabu nyuso: weusi wangapi, wanawake wangapi, nani alipewa maneno ya kusema. Hesabu hiyo ina faida yake, ila haifiki kwenye kiini. Mtu anaweza kuonekana tangu mwanzo hadi mwisho na bado asiwakilishwe, kama shahidi anayeketi mahakamani siku nzima bila kuulizwa swali. Kipimo cha uwakilishi, nadai, ni hamu: je, mhusika huyu anataka kitu, na hadithi inajali iwapo atakipata?

Tuitazame Born Free, filamu ya mwaka 1966 iliyopigwa hapa Kenya kutokana na kitabu cha Joy Adamson. Nyuso za Kiafrika zimo. Nuru, mtumishi wa akina Adamson, aliigizwa na Peter Lukoye, na tunamwona akihudumia na kuhangaika. Lakini anachokitaka yeye maishani mwake hakiisukumi hadithi hata hatua moja. Mwenye hamu ni Elsa, simba jike waliyemlea akina Adamson, na hamu yake ni uhuru. Elsa alizaliwa mwaka 1956 na kufa 1961. Sehemu kubwa ya uhai wake iliangukia katika Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, iliyodumu tangu 1952 hadi 1960, wakati maelfu ya Wakenya walikuwa kizuizini kwa sababu ya kudai uhuru huo huo. Dunia ikafundishwa kumlilia mnyama aliyerudishwa porini, katika nchi ambayo kiu ya watu wake haikuonekana kwenye picha.

The Lion King ya mwaka 1994 ilikwenda mbali zaidi: haina binadamu hata mmoja. Simba, Rafiki, Pumbaa na Shenzi wamepewa majina ya Kiswahili, nyika ni yetu, wenyeji hawapo. Atakayesema kwamba ni hekaya ya wanyama tu, kama zile za Sungura na Fisi, ana hoja nusu. Hekaya zetu zilisimuliwa na watu waliokuwa pia na visa vya watu. Hii ilisafiri peke yake, ikawa ndiyo Afrika nzima kwa watoto wengi wa mbali. Mtoto wa Itumbe, aliyekulia kwenye vilima vya Gusii vilivyojaa watu, migomba na majani chai, hana nafasi katika Afrika hiyo. Hata soko limeizoea: huko Tabaka, humo humo Gusii, jiwe la Kisii huchongwa tembo na viboko, wanyama ambao mchongaji hawaoni akitoka mlangoni kwake, kwa kuwa ndio mgeni anaotarajia kununua.

Wapo watakaosema filamu hizo tuzihukumu kwa wakati wake. Vema, mwaka ule ule wa Born Free, 1966, Ousmane Sembène wa Senegal alitoa La Noire de..., ambayo kiini chake chote ni matumaini ya mtumishi wa ndani, Diouana. Wakati haukumzuia mtu kufikiri. Aliyeshika kamera ndiye aliyechagua. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtazamaji si chombo kitupu. Mtoto humpenda simba bila kuuliza kabila lake, na wasimulizi wa filamu kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya wamezichukua filamu za kigeni wakazitia utani na lugha ya mtaani mpaka zikawa zetu. Ni kweli, na ni ushahidi kwamba mtoto wa Gusii anaweza kuingia katika moyo wa yeyote. Lakini mtoto wa London hakuombwa kamwe aingie katika moyo wa Nuru. Msimulizi naye anaweza kuongeza sauti juu ya picha. Hawezi kumwongeza mtu ambaye hakupigwa picha.

Kwa hiyo kuzifungia filamu hizi kabatini hakutatusaidia, wala onyo fupi mwanzoni halitoshi. Tuzitazame na watoto huku tukiwauliza kila mhusika anataka nini. Na swali hilo tuwapelekee pia watengenezaji wa leo, kwani filamu mpya iliyojaa nyuso za kila rangi, huku mwenye hamu akibaki mmoja, imebadilisha watumishi tu.