Deni Letu kwa Kuku Mgonjwa

Je, mtu ana wajibu gani kwa kuku wake aliye mahututi? Wako watakaosema kwamba kuuliza hivi ni kupoteza wino. Husema, "Kuku ni kuku tu, akiugua, kisu, kisu kikichelewa, shimo." Lakini sisi twaona ya kuwa swali hili si dogo, maana humo huonekana jinsi tulivyo wakati tusipotazamwa na mtu.

Kwanza tumfikiri kuku mwenyewe. Wazazi wake wa kale walikuwa ndege wa mwitu huko Asia, waliolala mitini na kujitafutia chakula. Wanadamu ndio waliowafuga, hata leo kuku wetu humtegemea mtu. Hapa Mgeta, penye baridi kali usiku, wengine hulala jikoni karibu na mafiga, na wengine hupewa hata majina, wakaja wakiitwa. Basi, mtu aliyemfanya kiumbe amtegemee amejitwika deni. Haifai kupokea mayai siku za uzima, na siku ya ugonjwa kusema, "Simjui."

Pili, wajibu huanza kwa kuutambua ugonjwa. Iko ndui ya kuku: vipele huota usoni na kwenye upanga wa kichwani, macho yakafumba, naye haoni punje wala maji. Mara nyingi anayemwua ni njaa na kiu kuliko vipele. Mtu akimwosha macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, akamlisha na kumnywesha kwa mkono, huenda akapona baada ya majuma machache. Hapo kisu cha haraka ni uvivu tu.

Lakini uko pia mdondo, ambao wengine huuita kideri. Wataalamu waliutambua mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Kuku hushusha mabawa, huhema kwa shida, huharisha kijani, na shingo yake yaweza kupinda. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuponya, tena waweza kumaliza karibu kuku wote wa kijiji kisichochanja. Ndipo tuonapo watu wa namna mbili wakikosa.

Wa kwanza huona kuku wake wameanza kusinzia, akawafunga miguu usiku, na alfajiri akawapeleka sokoni Nyandira apate fedha kabla hawajafa. Husema, "Mnunuzi ana macho, na atazame." Huyu hauzi kuku, auza msiba. Mnunuzi atawatia katika tenga moja na wazima, na ugonjwa utafika hata kwa mjane ambaye kuku wake watano ndio chumvi yake na daftari za wanawe.

Wa pili ni mwenye mapenzi. Humlaza mgonjwa pamoja na wenzake asione upweke, wala hataki kusikia habari ya kisu. Moyo wake ni mwema, lakini mapenzi yake yawaua wengine na kumrefushia mgonjwa maumivu.

Huruma ya kweli humtazama mgonjwa, tena humtazama jirani. Mwenye huruma hiyo humtenga kuku mahali pakavu pasipo upepo, akampa maji, akanawa mikono kabla ya kuwashika wengine, wala hamwazimi mtu tenga lake. Akiona kuku hawezi tena kusimama wala kunywa, yeye aliyemlisha na amchinje upesi kwa kisu kikali, asimwachie watoto wamchezee wala siafu wamle angali hai. Kisha amfukie katika shimo refu, wala asitupe manyoya mtoni. Kufanya hivyo ni kulipa deni la mwisho.

Labda mtu atatuuliza, "Watu wenyewe hukosa dawa, nanyi mwatuhubiria habari za kuku?" Twajibu: wema huu haumnyang'anyi mtu kitu. Maji, kivuli na ukweli sokoni havinunuliwi kwa fedha. Tena mtoto aonaye baba yake akimtendea mema kiumbe asiyeweza kulipa wala kushitaki, amepata somo tusiloweza sisi walimu kuliandika ubaoni.

Hata hivyo, deni lililo jepesi ni lile lilipwalo mapema. Iko chanjo ya mdondo iitwayo I-2, iliyobuniwa Australia, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo nyingi za zamani, nayo hutengenezwa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Kuku mzima hutiwa tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi mitatu au minne. Haimponyi aliyekwisha kuugua. Kwa hiyo yafaa kijiji kizima kichanje pamoja, ugonjwa ungali mbali. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nasi twaongeza: kamba hiyo na ifungwe mbali na kuku wenyeji kwa majuma mawili, hata ijulikane kama ni mzima.

Basi, ndugu wasomaji, siku kuku wako atakapoinamisha kichwa, mtazame yeye, kisha utazame upande wa nyumba ya jirani, ndipo uamue la kufanya.