Ninunue Lini?

Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, tulipenda kuwapa wanachuo methali mbili na kuwataka waseme ipi ni ya kweli. Ya kwanza, Haraka haraka haina baraka. Ya pili, Ngoja ngoja huumiza matumbo. Walibishana kipindi kizima, nasi tulitoka darasani tukicheka, kwa maana jibu hatukuwa nalo hata sisi. Siku hizi hatucheki tena, na sababu yake ndiyo tunayotaka kuwaeleza ndugu zetu wa mtaa huu.

Miaka kadhaa iliyopita, Jumapili moja baada ya ibada, alitujia mwalimu kijana tuliyepata kumfundisha. Akatuamkia, tukamwitikia, akatuvuta kando chini ya mwembe. Kulikuwa na hisa za kampuni moja ambazo kila mtu alikuwa akizisema, na bei yake ilikuwa imepanda wiki baada ya wiki. "Mwalimu," akasema, "ninunue sasa, au ningoje ishuke kidogo?" Hakutueleza kampuni ile hufanya kazi gani wala hupata faida kwa njia ipi, na sisi hatukumwuliza. Tulikunja uso kama mtu afikiriye, kisha tukamwambia, "Nunua sasa, mwanangu, usije ukachelewa."

Alikopa kwa dhamana ya mshahara wake. Bei ilipanda siku chache, halafu ikaanza kushuka, na mkopo ukabaki palepale ulipokuwa. Kampuni hatuitaji, kwa kuwa haikumtuma mtu kwetu; kosa lilikuwa la kinywa chetu. Kijana yule hakutulaumu hata siku moja. Alikatwa mshahara miaka mitatu, na kila Jumapili alitupa shikamoo yake kwa heshima ileile. Afadhali angalitulaumu.

Nasi ni watu wa Chunya! Kama kuna mahali ambapo watu wangepaswa kulijua jambo hili, ni hapa. Tangu dhahabu ilipoonekana katika nchi ya Lupa miaka ya 1920, mji huu umeishi kwa habari za kuwahi na kuchelewa. Miaka ya 1930 walimiminika watu wa kila kabila na kila rangi. Mgodi wa Saza, uliokuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya Tanganyika, ulifungwa mwaka 1956, na wengi wakaondoka. Hata leo, habari ikivuma kwamba duara fulani limetema, watu huacha tumbaku shambani wakakimbilia huko, na wachimbaji wenyewe huita jambo hilo rashi. Anayefika wa kwanza huchagua mahali. Anayefika mwishoni humlipa aliyetangulia ili apate shimo ambalo yule amekwisha kulichoka. Ni nani amchokaye shimo lenye dhahabu?

Mambo ya hisa hayana vumbi, lakini mwendo wake ni huohuo. Majirani zetu wa Kenya waliuona mwaka 2008, serikali yao ilipouza robo ya hisa za Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Huduma ya M-Pesa ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na kila mtu aliona kwamba jambo kubwa linakuja. Na kweli lilikuja. Maombi yalizidi sana hisa zilizokuwapo, hata watu wakapewa sehemu ndogo tu ya walichoomba. Wale waliokopa benki waliona riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote, na hisa walizopata zilikuwa chache. Tarehe 9 Juni 2008 hisa zilianza kuuzwa sokoni, bei ikapita shilingi 7. Mapema mwaka 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ilipita 40, na mwaka 2023 ilikuwa imerudi chini ya 15.

Na tuangalie hapo. Mtu aliyenunua kwa 7 akauza kwa 3, na mtu aliyenunua kwa 7 akauza kwa 40, walinunua kitu kimoja, siku moja. Huyu tunamwita mpumbavu, yule tunamwita mwenye hekima, ilhali siku ile hapana aliyeweza kuwatenga. Isaac Newton, ambaye sheria zake za mwendo tumezifundisha miaka mingi, alinunua hisa za kampuni ya South Sea huko London, akauza kwa faida mwaka 1720, kisha akaona wengine wakizidi kutajirika, akanunua tena bei ikiwa juu sana. Alipoteza fedha nyingi. Akili haikumpungukia. Kilichomshinda, tunadhani, ni kuwatazama jirani zake.

Hapo ndipo tulipo na shaka na neno "lini". Aulizaye "nini" huitazama kampuni: ina deni gani, huuza nini, hugawa gawio au haligawi. Aulizaye "lini" juu ya kitu kinachovuma huwatazama watu: je, wapo bado watakaokuja nyuma yangu kununua kwa bei kubwa zaidi? Fedha apatayo huyu akiuza kileleni haikutoka mbinguni, wala mara nyingi haikutoka kwa kampuni. Imetoka katika mfuko wa mtu aliyefika jioni, na huenda mtu huyo ni mwalimu kijana mwenye mkopo.

Wapo watakaosema mnunuzi alikuja kwa hiari yake, na muuza nyanya naye hungoja bei. Ni kweli, wala hatusemi kuuza hisa ni dhambi. Lakini anunuaye nyanya hata kwa bei ya juu atakula mboga usiku. Wengine hutuletea habari ya Yusufu, aliyeweka nafaka wakati wa shibe akaiuza wakati wa njaa. Yusufu alionyeshwa miaka yake, sisi hatukuonyeshwa. Tena tukisoma habari hiyo mpaka mwisho twaona kwamba watu waliokolewa na njaa, lakini mifugo na mashamba yao yakawa ya Farao. Jambo hilo hutusumbua kila tulisomapo, na hatujapata mhubiri wa kututuliza.

Mnadani wako wanaonunua ng'ombe asubuhi ili wamwuze jioni, na wako wanaonunua kwa ajili ya maziwa. Wa maziwa naye huangalia bei, si mjinga. Lakini akikosea kwa wiki mbili bado ana ng'ombe.

Mwaka jana kijana yule alitujia tena. Siku hizi hisa hununuliwa kwa simu, kwa Hisa Kiganjani ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, naye alikuwa na simu mkononi na habari ya kampuni nyingine inayovuma. Akauliza swali lilelile, kwa maneno yaleyale. Tukamjibu, "Hatujui." Ni neno gumu kwa mwalimu, na alitutazama kama mtu asiyesikia vizuri. Kisha tukamwuliza kampuni hiyo hufanya nini. Hakujua. Akatafuta hesabu zao za mwaka humo humo simuni, nasi tukavaa miwani, tukasoma pamoja mpaka chai ikapoa. Upo ukurasa mmoja wa madeni ambao hatukuuelewa, si yeye si sisi. Alisema atauchapisha mjini auletee Jumapili ifuatayo, ili tumwonyeshe mtunza hazina wa kanisa, ambaye aliwahi kuwa karani wa ushirika wa tumbaku.