Itisha Kamati Ukiwa Hai

Umewahi kuketi kwenye kamati ya matanga. Usikatae. Ni nani mtu mzima wa Ruiru asiyewahi? Jirani wa ploti amefariki, na kabla jua halijatua kundi la WhatsApp limeshaundwa, mweka hazina amechaguliwa, namba ya kutuma mchango imebandikwa juu, na watu ambao hawajawahi hata kusalimiana kwenye ngazi wanatuma mia mbili, mia tano, elfu. Basi linakodishwa. Jeneza linalipiwa. Kila jioni watu wanakutana, na asiyefika anaomba radhi.

Na marehemu alikunywa kwa miaka, amejifungia chumbani peke yake.

Peke yake!

Wale watu wote walikuwa wapi? Walikuwepo. Walikuwa upande wa pili wa ukuta. Yeye hakuwaita, nao hawakumuuliza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nasi tumezoea kukingoja hicho kilio ndipo tutoe pesa na muda.

Sasa nakugeukia wewe.

Wewe unayeamka mikono ikitetemeka mpaka upate ile glasi ya kutoa loki. Wewe uliyemwahidi mkeo mwezi wa Januari, ukamwahidi tena Pasaka. Wewe dada unayeficha chupa chini ya nguo chafu ili watoto wasiione. Wewe wa boda boda unayetafuna muguka hadi alfajiri, kisha unalala macho yako wazi na moyo unakudunda. Wewe ambaye hunywi wala hutafuni kitu, lakini wiki nzima umekuwa ukitazama dari na huoni sababu ya kuoga.

Unangoja nini?

Unasema utaacha mwenyewe. Haya. Umejaribu mara ngapi? Ruiru mnafanya mambo yote kwa kundi. Shamba la kahawa likiuzwa mnanunua vipande kwa chama. Matatu mnaiingiza barabarani kwa sacco. Harusi mnaifanyia kamati, karo mnaifanyia mchango. Ni nani aliyekudanganya kwamba jambo zito kuliko yote maishani mwako ndilo pekee la kulibeba peke yako?

Unasema watu watasema. Watu gani? Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikahesabu 490,120. Mji umejaa wageni kuliko wenyeji! Jirani yako alitoka Kisii, yule wa juu alitoka Kitui, na mwenye duka alihama kutoka Murang'a. Hapa hakuna mjomba wa kukuona ukiyumba jioni na kukuita pembeni asubuhi. Ndiyo maana unaweza kuzama mwaka mzima bila mtu kugundua, na ndiyo maana ni lazima wewe ndiye uufungue mdomo. Na wala usijione wa ajabu: utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta kwamba zaidi ya Wakenya milioni 4.7 wa miaka 15 hadi 65 wanatumia angalau kileo au dawa moja ya kulevya. Kwenye matatu yenye abiria kumi na wanne, unafikiri ni wewe tu?

Unasema bado hujafika chini kabisa. Chini kabisa ni wapi? Nani alikuwekea alama huko chini? Wengine wakifika huko hawana tena mdomo wa kuomba msaada.

Amka!

Milango iko, na mingi unaipita kila siku. Mathari, kwa mfano. Najua jina hilo limekushtua. Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili ipo tangu 1910, na tangu utotoni umelisikia jina lake likitupwa kama tusi. Lakini ukipanda matatu ya Thika Road kwenda mjini unapita kando yake, ukikaribia Muthaiga. Unaipita ukiwa mgonjwa! Madaktari wa akili wako pale, na pale ndipo kliniki ya kwanza ya methadoni nchini ilipoanzia mwaka wa 2014 kwa ajili ya walionaswa na heroini. Nauli unayo, barabara ni hiyo hiyo. Mwambie konda akushushe.

Na hapa nisikilize vizuri, maana ujasiri usio na akili unaua. Kama unakunywa sana kila siku, usiamue leo usiku kujifungia ndani na kuacha ghafla. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa chache. Ndani ya siku mbili za kwanza unaweza kushikwa na degedege, na siku ya pili au ya tatu mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, hata akafa. Huu ni ugonjwa wenye dawa. Nenda hospitali ya Ruiru au Thika Level 5, uwaambie unakunywa kiasi gani na mara ya mwisho ilikuwa lini. Sema kiasi cha kweli. Daktari anayedanganywa kipimo cha pombe atakupa kipimo kibaya cha dawa.

Huna hata nguvu ya kwenda? Piga 1192. Ni laini ya NACADA, haitozwi, usiku na mchana. Kama mawazo yamefika mahali pa kutaka kujitoa uhai, piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu, na umwite mtu aje aketi nawe sasa hivi, usibaki peke yako. Wala usiogope pingu: tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Wewe ni mtu aliyeumia, na aliyeumia hutibiwa.

Lakini hospitali itakutoa pombe mwilini kisha itakurudisha nyumbani. Mitaa ya starehe ni ile ile: Kimbo ni ile ile, Kamakis ni ile ile, muziki na moshi wa nyama. Marafiki ni wale wale na wanajua mshahara unaingia lini. Nani atakushika Ijumaa jioni?

Hapo ndipo unapohitaji kamati yako.

Mwaka wa 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, dalali wa hisa aitwaye Bill Wilson alijikuta ugenini, biashara imeharibika, hamu ya pombe inamkaba koo. Hakwenda baa. Alipiga simu huku na huku akiulizia mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekuwa bado amezama kama yeye alivyowahi kuzama. Daktari alikubali kumpa dakika chache. Wakazungumza kwa saa kadhaa. Wote wawili walikuja kuishi bila pombe, na kutoka kwao vikazaliwa vikundi vya AA, yaani Alcoholics Anonymous, ambavyo leo vimeenea duniani, Kenya ikiwemo. Hulipi ada. Unataja jina moja tu. Hulazimishwi kusema neno. Unakaa, unasikia mtu akieleza maisha yako kana kwamba aliishi chumbani mwako, na kesho yake una namba ya simu ya kupiga kabla ya kufungua chupa. Mwaka wa 2020 watafiti wa mtandao wa Cochrane walichambua tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakakuta kwamba njia hii haishindwi na tiba nyingine zilizozoeleka katika kumsaidia mtu kukaa bila pombe, na mara nyingi inazishinda.

Watu wawili na simu. Umeshindwa na hicho?

Unasema hakuna kikundi karibu na kwako. Basi anzisha! Chama cha kununua sufuria mlikianzisha kwa wiki moja. Tafuta mwenzako mmoja anayetaka kuacha, muombe mchungaji au imamu chumba kimoja, mchague siku moja na saa moja, na msiibadilishe. Usingoje gavana. Kiambu iliwahi kuwa na mpango wake, Kaa Sober, ulioanza 2018 na kuwalipa waraibu shilingi 400 kwa siku kwa kazi kama za kusafisha mitaro. Haukudumu. Mpango wa mwanasiasa huondoka na mwanasiasa, lakini kikundi chenu hakina mtu wa kukifunga isipokuwa nyinyi wenyewe.

Wala usiniambie kwamba mtu asiye daktari hawezi kumsaidia mwenye huzuni. Kule Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi kuliko madaktari, akawafundisha bibi wa mtaani kuketi na mtu kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia kulishika tatizo moja kwanza. Matokeo yalichapishwa 2016: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa walioketi na bibi hao walikuwa chini ya asilimia 14, na miongoni mwa wengine walikuwa karibu nusu. Bibi! Benchi! Sisi tuna bibi wangapi? Tena kila mtaa sasa una mhamasishaji wa afya ya jamii, yule mama anayepita nyumba kwa nyumba na mkoba wake. Serikali iliwatuma zaidi ya laki moja nchini mwaka wa 2023, na kila mmoja amepewa takriban nyumba mia moja. Moja ya nyumba hizo ni yako. Akibisha hodi unamwambia kila mtu ni mzima.

Kila mtu ni mzima? Kweli?

Nakujua wewe. Wewe ndiye uliyekuwa mweka hazina wa matanga ya jirani na hukula hata shilingi. Unajua kuamka saa kumi alfajiri. Unajua kumtafuta mtu hadi apatikane, maana hiyo chupa unaipata hata siku ambayo mfukoni huna kitu. Nguvu hizo ni zako, na unazimwaga kila siku kwenye shimo. Zigeuze wiki hii. Zigeuze leo kabla ya saa kumi na moja, kabla baa hazijafunguliwa.

Chagua watu watatu. Mmoja wa nyumbani, mmoja wa kazini au stejini, mmoja wa kanisani au msikitini. Usiwatungie hotuba. Waambie: "Nakunywa kila siku na nimeshindwa kuacha. Nataka mnisindikize hospitali kesho asubuhi, na Ijumaa jioni msiniache peke yangu." Mmoja atacheka. Mmoja atakwambia uombe tu. Wa tatu atakuuliza, saa ngapi?

Mjibu saa mbili, na saa mbili uwe umeshavaa viatu.