Makovu na Sala ya Baba Yetu

Kila siku, asubuhi na jioni, Wakristo twasali sala ya Baba Yetu, na humo twajifunga mbele ya Mwenyezi Mungu kwa ahadi nzito: kwamba atusamehe kama nasi tuwasamehevyo wenzetu. Twaipita upesi upesi, kwani deni la wengi wetu ni dogo: tusi la jirani, mpaka wa shamba, ng'ombe aliyekula mahindi. Lakini yuko mtu ambaye kila avaapo nguo aona mwilini mwake alilotendewa. Huyo aisali vipi sala hiyo?

Tarehe 8 Juni 1972, katika kijiji cha Trang Bang nchini Vietnam, ndege ya jeshi la Vietnam ya Kusini iliangusha mabomu ya napalmu, yaani petroli iliyotiwa dawa ili igande na kunata mwilini kama gundi huku ikiwaka. Wanakijiji waliokuwa wamejificha hekaluni walikuwa wakikimbia, wakadhaniwa kuwa adui. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa kike wa miaka 9, Phan Thi Kim Phuc. Moto ulimla mgongo, shingo na mkono wa kushoto. Binamu zake wawili walikufa. Picha yake, akikimbia barabarani uchi na kulia, ilienea dunia nzima.

Picha ile haikuonyesha yaliyofuata. Alikaa hospitali miezi 14 na kupasuliwa mara 17. Aliogeshwa ili ngozi iliyokufa iondolewe, na kwa ukali wa maumivu akawa akizimia. Alipokuwa msichana alisadiki kwamba hakuna mwanamume atakayetaka kumwoa. Serikali ya nchi yake nayo ilimtoa masomoni apate kuonyeshwa kwa wageni. Haishangazi basi kwamba moyo wake ulijaa chuki, hata akatamani kufa.

Mwaka 1982, akiwa na miaka 19, alikuta Injili katika maktaba mjini Saigon, akaisoma, akamwamini Kristu, ingawa wazazi wake walikuwa wafuasi wa dini ya Cao Dai. Hakuingia katika Kanisa letu Katoliki. Ni Mkristo wa madhehebu mengine, wala hilo halituzuii kujifunza kwake. Agizo la Bwana wetu la kuwaombea adui lilimshinda mwanzoni. Akaanza kuwataja adui zake mmoja mmoja mbele ya Mungu, siku hata siku, na kadiri alivyowaombea ndivyo moyo wake ulivyolainika. Si kwa usiku mmoja.

Hapa twataka kusema neno kwa wale wenye haraka. Wapo wamwendeao mgonjwa wa moto kitandani, na kabla vidonda havijakauka wamwambia: samehe, usahau. Nani kawatuma? Bwana wetu alipofufuka hakuyaficha makovu yake. Alimwonyesha Toma mikono na ubavu. Kusamehe si kukana kwamba uovu ulitendwa. Mke aliyemwagiwa tindikali na mumewe aweza kumwombea mumewe wokovu, na kesho yake akasimama mahakamani kutoa ushahidi, wala hana dhambi. Msamaha ni neema. Huombwa kwa machozi, na hutolewa na yule aliyeumizwa, si na jamaa wanaotaka mambo yaishe wasiaibike.

Tena sisi tulio wazima tunalo la kuungama. Ajali au uovu huumiza mara moja. Macho yetu huumiza kila Jumapili. Twamjua katika parokia zetu mtoto aliyeanguka motoni kwa sababu ya kifafa, naye mama yake humfunika kwa khanga hadi puani wafikapo kanisani. Benchi wanalokaa hubaki na nafasi. Ufikapo wakati wa kupeana amani, wapo wanaogeuka upande wa pili ili wasiushike mkono ule uliokunjamana, kisha wanakwenda kumpokea Kristu ambaye mikono yake ilitobolewa kwa misumari. Wengine, ati kwa huruma, wamshauri mama amwache mtoto nyumbani. Kwa mama huyo, Baba Yetu ina watu wengi wa kuwasamehe, na sisi tumo.

Kim Phuc aliolewa mwaka 1992, akapata watoto wawili, akaishi Kanada. Mnamo Novemba 1996 alisimama Washington, mbele ya askari wa Marekani waliopigana Vietnam, akasema kwamba kama angeonana uso kwa uso na rubani aliyeangusha mabomu, angemwambia kuwa yaliyopita hayawezi kubadilishwa, ila wajitahidi pamoja kutenda mema. Baadhi ya askari walilia. Maumivu hayakumwachia kwa kuwa alisamehe. Hata mwaka 2022, miaka 50 baada ya moto ule, alikuwa bado akitibiwa makovu yake huko Miami.

Na mwezi Julai mwaka huohuo, yeye aliyeunguzwa na moto ulioshuka kutoka ndegeni alipanda ndege mjini Warsaw, ubavuni mwake imebandikwa picha ile ya utoto wake. Ndani walikuwamo watu 236 waliokimbia vita vya Ukraine, akawasindikiza mpaka Kanada.