Ile 1,500 ni yako

Mwanangu, jana ulikuja umekunja uso. Umeiandikia ghala ya chai pale Shimanzi, Mombasa, programu ya kuhesabu mifuko, ukadai shilingi 30,000, ukatumiwa 28,500, ukasema umeibiwa. Sikukujibu kwa sababu mtu mwenye hasira hasikii hesabu. Leo umetulia, nisikilize.

Hukuibiwa. Malipo ya kazi ya ufundi au ushauri yakifika 24,000 kwa mwezi, sheria inamtaka anayekulipa akate asilimia 5 aipeleke KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, tena ndani ya siku tano za kazi. Hiyo 1,500 ni kodi yako iliyotangulia. Ingia iTax, mtandao wao wa kodi, uitafute hati ya makato hayo, imeandikwa kwa PIN yako. Usipoiona, rudi kwa mhasibu wa ghala umuulize kwa adabu, na umuulize mwezi huu huu. Mhasibu huhama kazi, na mgeni atakayekalia kiti chake hatakujua.

Hapa ndipo wenzako wengi wanapoteleza. Juni ikikaribia, rafiki atakwambia: wewe hujaajiriwa, jaza ritani ya sifuri uende zako. Usithubutu, mwanangu. Ile hati imeshawaambia KRA nani alikulipa na kiasi gani. Ukiandika sifuri, unasema uongo mbele ya shahidi. Mwingine atakushauri ulipe ile asilimia 3 ya mauzo. Hiyo ni ya wenye maduka na biashara ndogo. Ada ya utaalamu haimo.

Wala usidhani asilimia 5 imemaliza deni. Chukua kalamu. Tuseme unapata 40,000 kila mwezi: kwa mwaka ni 480,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30. Jumla ni 81,400. Toa nafuu yako ya kodi, 28,800, inabaki 52,600. Walizokukata mwaka mzima ni 24,000. Basi una deni la 28,600 la kulipwa kufikia Aprili 30, na ukichelewesha ritani kupita Juni 30 kuna faini isiyopungua 2,000. Gharama za kazi, kama intaneti na nauli za kwenda kwa wateja, zitalipunguza deni hilo ikiwa umetunza karatasi zake. Kwa hiyo kila 40,000 ikiingia, weka 4,000 mahali ambapo mkono wako haufiki kwa urahisi. Usiikope hata kwa harusi ya ndugu.

Nimekuwa karani wa ankara Shimanzi miaka mingi, malori yakipiga foleni nje na harufu ya chai ikishika mpaka kwenye shati. Nimeona waliolipwa na waliozungushwa, na mara nyingi tofauti yao haikuwa ubora wa kazi. Aliyelipwa alileta ankara siku ile ile kazi ilipokwisha. Mimi mwenyewe, kabla sijajua, nilimfanyia tajiri mmoja hesabu za usiku kwa neno la mdomo. Kazi aliikubali, malipo akayakana, nami sikuwa na hata kipande cha karatasi cha kumwonyesha. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu zile fedha nilikuwa nimemwahidi mamangu.

Kwa hiyo usifungue kompyuta ya mtu kabla hajakupa LPO, yaani hati ya kuagiza kazi, au walau ujumbe unaotaja kazi na bei. Kwenye ankara andika namba inayofuatana na ya mwisho, tarehe, kazi uliyofanya kwa maneno yanayoeleweka, PIN yako na ya mteja, na siku ya kulipwa. Mtu akikwambia utalipwa chai ikiuzwa, mjibu kwa upole kwamba mnada wa Mombasa upo kila wiki, akutajie ni wiki gani.

Tena ankara yenyewe isiwe ile karatasi yenye nembo uliyoichora tu. Tangu Januari 1, 2024, mwenye ghala hawezi kuyatoa malipo yako kama gharama katika hesabu zake za kodi bila ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA. Ndiyo maana mhasibu anaposema hapokei nyingine, hakuonei, anajikinga. Huhitaji mashine, hata simu ya kawaida inatosha, kwa kubonyeza *222#. Nakala zake zitunze miaka mitano.

Na ile kazi ya juzi ya ofisi ya Makande, umeshaiandikia ankara? Nakuona unainamisha macho. Basi kaa hapa kibarazani, simu yangu ina chaji. Mpigie kwanza mwenye ofisi kabla hajafunga, akupe PIN yake na jina la kampuni kama lilivyosajiliwa, nami nitakusomea ukiandika.