Tulisema Tumeona

Usiku wa kwanza wa darubini yetu, watu tisa waliinama kuchungulia, na wanane wakasema wameona. Wa tisa alikuwa bibi mfinyanzi kutoka Ikombe, aliyeleta vyungu sokoni Jumamosi ile akashindwa kurudi kwa mtumbwi kwa sababu ya mawimbi. Ni yeye aliyetufanya tuandike haya.

Darubini tuliachiwa na mgeni aliyekaa Matema kwa muda. Sisi vijana wa usharika tulisoma maelekezo yake mara moja, tukajiona tumehitimu. Jumapili tukatangaza ibadani kwamba Jumamosi, baada ya soko la vyungu, kila atakayefika ufukweni ataiona sayari ya Mshtarii na miezi yake minne. Kati yetu hakuna aliyekuwa amewahi kuiona.

Tulichagua wiki ya giza, tukasahau kwamba wavuvi nao hulichagua giza hilohilo. Walipoingia ziwani na taa zao za kuvutia usipa, ziwa likang'aa kuliko mbingu. (Mtoto mmoja alituuliza kwa nini tusitazame hizo, zilizo karibu.) Mashariki kwetu Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, kwa hiyo sayari inayochomoza huko hukawia kutufikia. Tulingoja hadi saa nne usiku, huku miguu mitatu ya darubini ikididimia mchangani. Kidarubini kidogo cha kulengea kilitazama kwake na bomba kubwa kwake. Kuvilinganisha ni kazi ya mchana, unalenga mti ulio mbali mlimani, nasi hatukuifanya. Tena tuliweka lenzi inayokuza zaidi, tukidhani ndiyo bora. Kumbe ukikuza sana unabaki na kipande kidogo mno cha anga, na kwa kuwa dunia haiachi kuzunguka, sayari inakatiza hapo na kutoka kabla mtu wa pili hajainama.

Tuliipata kwa bahati, duara jeupe linalotetemeka. Miezi hatukuiona. Hata hivyo tukasema, "Hiyo hapo, karibuni!" Mzee wa kanisa akatangulia. "Bwana asifiwe, naiona." Wakafuata wengine, kila mmoja akiona upesi kuliko aliyemtangulia. Bibi akainama, akakaa muda mrefu.

"Wanangu, mimi naona kope zangu tu."

Tukacheka. Tukamwambia atazame vizuri. Akatazama vizuri.

"Ni giza. Hawa wenzangu mmewaonyesha nini?"

Tulipochungulia wenyewe, palikuwa peusi tupu. Sayari ilikuwa imeshatoka, na hatujui iliondoka mbele ya jicho la nani. Bibi yule maisha yake yote amegonga chungu kwa kifundo cha kidole mbele ya mnunuzi, ili wote wawili wasikie kama kina ufa. Hakuona sababu ya kutufanyia sisi tofauti.

Je, wale wanane walidanganya? Tumebishana sana juu ya hilo. Kwetu, kumwambia mwenyeji mbele za watu kwamba hakuna kitu ni kumwaibisha, na wao walitusitiri. Amri ya nane katika Katekisimu yetu inakataza ushuhuda wa uongo, lakini Luther anaieleza pia kuwa agizo la kumtetea jirani na kumnenea mema. Wanane wale wangeweza kujitetea kwa amri hiyohiyo. Na sisi tuliotangaza tusichokiona tuna mdomo gani wa kuwahukumu?

Linalotusumbua ni yule wa tisa. Wanane wakishasema wameona, yeye hubaki akidhani jicho lake ndilo bovu. Mara ngapi amekaa kwenye mabenchi yetu, akisikia shuhuda za amani na uponyaji zikifuatana, akajua moyoni kwamba yeye hakupata, akapiga makofi pamoja nasi? Tukifungasha darubini usiku ule, mmoja wetu alikiri kwamba ushuhuda alioutoa kwenye semina ya vijana aliuazima kwa rafiki yake. Hatukujua tumjibu nini. Tulibeba vyuma, tukaenda kimya.

Tumesoma baadaye kwamba Galileo, aliyeigundua miezi hiyo Januari 1610, alipatwa na usiku kama wetu. Aprili mwaka huohuo alikwenda Bologna na darubini yake kuwaonyesha wasomi zaidi ya ishirini, nao hawakuridhika kwamba wameona kitu. Miezi ilikuwapo, ila chombo kilikuwa kigumu na macho hayakuzoea. Hatumsifu yule kijana Martin Horky, aliyeandika barua kumdhihaki, lakini tunashukuru kwamba hakuna aliyesema ameona ili kumfurahisha mgeni. Mwishoni mwa Agosti, huko Prague, Kepler aliazima darubini, akawataka wenzake kila mmoja achore kwa chaki alichokiona, bila kumwonyesha mwingine, ndipo walinganishe. Michoro ikapatana. Ushuhuda ule ulikuwa na uzito kwa sababu kila mmoja alikuwa huru kuacha ubao wake mtupu.

Wengi hapa wangemtaja Tomaso. Sisi tunamkumbuka zaidi kipofu wa Bethsaida, katika Marko sura ya 8. Yesu amekwisha kumgusa, kisha anamwuliza kama anaona kitu. Fikiria adabu inavyomdai mtu mahali pale! Naye anajibu kwamba watu anawaona kama miti inayotembea. Hakemewi. Anaguswa tena. Kama angesema naona vizuri, Rabi, sijui angerudi nyumbani na macho ya namna gani.

Wiki iliyofuata tulilenga mti mchana, tukaweka miguu ya darubini juu ya mawe, tukachukua lenzi ya ukuzaji mdogo. Safari hii hatukutangaza kitu. Kila aliyechungulia alipewa karatasi na penseli, akachora pembeni peke yake. Tulipata karatasi kumi na moja. Saba zilikuwa na nukta kubwa moja na ndogo tatu kwenye mstari. Mbili zilikuwa na ndogo mbili tu. Moja ilikuwa tupu. Ya mzee wa kanisa ilikuwa na neno moja, kwa mwandiko wake wa kulala: "Bado."